Mwanangu, nyembe za babu usizipeleke Gikomba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, ila jibu lake ni refu kuliko simu, ndiyo maana nimechukua karatasi. Unasema umepata fundi sokoni Gikomba mwenye jiwe la umeme, atakayezirudishia makali nyembe za babu yako, zile za kukunja, ukiwa umesimama hapo hapo. Sina shaka naye. Panga mpe, shoka mpe. Wembe usimpe.

Chuma cha wembe hupashwa moto, kikazimwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kidogo kisije kikavunjika ovyo. Makali yenyewe ni membamba mno, hayana pa kuupeleka moto wa jiwe linalozunguka. Yakifika karibu digrii 300 yanageuka rangi ya samawati, na hapo ugumu umeshatoka. Utanoa mpaka uchoke, hayatashika.

Babu yako alikuwa kinyozi Pumwani, na wembe wa kinyozi haukai kama wa mtu anayejinyoa ndevu zake peke yake. Ulipita vichwa na videvu tangu asubuhi, jioni ukarudi kwenye kinoo. Nyembe hizi aliziweka kando enzi za Ukimwi, ule ugonjwa ulioripotiwa Kenya mara ya kwanza 1984, vinyozi walipoanza kutumia viwembe vya kutupa. Kwa hiyo na wewe ukimaliza kuzitengeneza, ni zako peke yako. Usimwazime mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana.

Sasa zitazame. Ubavuni mwa mgongo wa kila wembe, pande zote mbili, kuna ufito bapa unaong'aa. Hapo ndipo palipoliwa na kinoo. Wembe unaponolewa hulazwa bapa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, basi mgongo ndio unaopima mwinamo wa makali. Vikiliwa kwa uwiano, wembe unapungua upana lakini mwinamo unabaki ule ule. Shida ni pale kimoja kinapoliwa kuliko kingine.

Hili lina hesabu yake, na wewe hesabu huziogopi. Azima venia, kile kipimo cha unene, kwa fundi wa mashine, pima unene wa mgongo na upana kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Gawanya unene kwa upana, zidisha kwa 57, utapata digrii za makali. Nyembe nyingi ziko kati ya 15 na 19. Ule wa Solingen, wa Ujerumani, una mgongo wa milimita 3.6 na upana wa 13. Nadhani ulianza na upana wa inchi 5/8, karibu milimita 16, ambao ni wa kawaida sana. Umepoteza nyama nyingi, lakini hesabu inatoa karibu 16. Mzima huo! Unataka kunolewa tu.

Wa Sheffield, wa Uingereza, ndio mgonjwa. Mgongo 3.1, upana 14: haufiki hata 13. Makali membamba namna hiyo yanamenyeka yakigusa ndevu ngumu. Tena uweke juu ya kioo cha dirisha, makali yakigusa kioo, utaona mwanga unapenya katikati. Pamebonyea. Sehemu hiyo haitaunyoa uso, na ncha mbili zitakukwaruza. Dawa ni kuusimamisha wima juu ya kinoo na kuuvuta kama unayekata mkate, taratibu, bila kukandamiza, hadi mwanga ukome. Utapoteza kama milimita moja, na kwa bahati hasara hiyo inasaidia, maana upana ukishuka digrii zinapanda. Kisha bandika mgongoni tepu nyeusi ya mafundi wa stima, tabaka mbili, nawe utafika karibu 16. Tepu ikichubuka ibadilishe. Wapo wanaosema tepu ni uzembe. Waache, mgongo uliokwisha haurudishwi kwa maneno.

Kutu nayo ina mipaka. Iliyo ubavuni itoe kwa msasa wa maji, anza na namba 600 ukipanda (namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo), na mafuta ya cherehani. Ninayo dukani, njoo uchukue. Madoa meusi yaache, pia usiguse mihuri ya mashina, pale karibu na mpini. Najua vijana mnapenda kitu king'ae kama kijiko kipya, lakini kila mng'ao unaoupata ni chuma ulichokitoa, na hizi hazina cha kutoa tena. Tundu la kutu likikaa kwenye makali yenyewe, hapo noa mpaka ulipite, au kubali kwamba wembe umekwisha.

Jambo lililonishangaza ni mpini wa ule wa Solingen. Nilihofu ni pembe ya ndovu, na kuwa nayo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia: mistari yake imenyooka sambamba. Ya pembe halisi hainyooki sawasawa namna hiyo, na inapokatwa kukingama hukatizana. Basi hii ni seluloidi, na seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma. Ndiyo sababu kutu imeng'ang'ania pale wembe unapolala, ingawa sanduku lilikuwa kavu. Toa pini kwa tupa, utenganishe wembe na mpini, na mpini usiuweke karibu na moto, unawaka upesi. Mpini mpya nitakutafutia wa pembe ya ng'ombe. Pini tengeneza kwa kijiti cha shaba cha kuchomelea, cha milimita 1.6.

Kinoo cha namba 1000 ndicho kinachofanya kazi kubwa, usikiache mpaka makali yote yashike kuanzia shina hadi ncha. Vya 4000 na 8000 ni vya kulainisha. Mwisho ni ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utaukata ukanda, na ukanda huo ndio alioutumia babu yako.

Vinoo viko kwa mjomba wako Kariokor. Nenda Jumamosi kabla ya adhuhuri, anza na ule wa Solingen. Ule mwingine usiuguse mpaka nije.

Mamako