Kabla hujaishusha hiyo giaboksi

Kaka za siku, ujumbe wako nimeupata na ile sauti ya giaboksi yako inayonguruma uliyonirekodia nimeisikiliza kwa hedifoni, maana kwenye spika ya simu kila kitu kinasikika injini tupu. Unaniuliza uifungue giaboksi uitengeneze au utafute nyingine ufunge, na naona umeshaanza kuegemea kwenye nyingine kwa sababu fundi kakwambia "hii imekwisha". Imekwisha nini? Ndo swali ambalo ningemuuliza kwanza, giaboksi haiishi yote kwa mpigo, inaisha beringi fulani, inaisha gia fulani au mtambo mmoja wa kuingizia gia, na yeye hata oili hajaimwaga.

Fanya hivi kwanza, haihitaji spana. Gari limesimama, breki ya mkono umevuta, injini inanguruma taratibu, gia iko frii na mguu hauko kwenye klachi, sikiliza. Alafu kanyaga klachi mpaka chini. Kama mngurumo unakata ukikanyaga na unarudi ukiachia basi shida iko kwenye vitu vinavyozunguka pamoja na inputi shafti (shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi), yaani beringi yake ya mbele au beringi za leya shafti (ile ya pembeni inayozungushwa na inputi), kwa sababu ukikanyaga klachi hivyo vyote vinasimama. Kama ni kinyume, kimya ukiwa umeachia ila kinaanza kulia ukikanyaga, hapo giaboksi iache kabisa, ni rilizi beringi (inayosukuma klachi ukikanyaga) au ile beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), hiyo ni kazi ya klachi na watu wamenunua giaboksi nzima kwa ajili ya beringi ya namna hiyo. Alafu usichanganye mngurumo na ule mgongano wa kachakacha unaosikika injini ikizunguka taratibu, huo mara nyingine ni gia zinachezacheza tu kwa mtikisiko wa injini, au springi za kwenye klachi pleti zimelegea, na beringi zako zote ni nzima.

Ukishamaliza hapo ingia barabarani. Kwenye giaboksi nyingi za gia 5 kama hiyo yako gia ya 4 ni direkti, 1:1, nguvu inatoka inputi inakwenda moja kwa moja kwenye meni shafti (ya kutolea nguvu kwenda nyuma) bila kupita leya. Leya inazunguka ila haibebi mzigo. Kwa hiyo kama inalia 1, 2, 3 na 5 alafu ukiweka 4 inapoa, we mwenyewe umeshajua ni beringi za leya. Ikilia gia moja tu basi angalia meno ya gia hiyo au beringi yake ya sindano. Na ukiwa kwenye mwendo ule ule, ukabadilisha gia na sauti haijabadilika hata kidogo, inafuata tairi na sio injini, basi nenda kakague propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), senta beringi yake, kroosi (viungo vyake) na difu (gia za ekseli ya nyuma) kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye rekodi yako nasikia sauti inapanda na resi, kwa hiyo mi nahisi ni ndani ya giaboksi, ila rekodi ni rekodi, barabarani utajua mwenyewe.

Sasa oili. Kabla ya kuimwaga fungua ile nati ya kujazia ya ubavuni uone kama oili imefika usawa wa tundu, maana giaboksi iliyokauka inalia kama iliyokufa na bado haijafa. Alafu imwage ikiwa ya moto, iingie kwenye beseni safi. Nati ya chini nyingi zina sumaku, ichukue uisugue uchafu wake kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa ni ujiuji wa kijivu, laini, unateleza na husikii punje, huo ni uchakavu wa kawaida wa kila siku. Ukisikia chenga zinakwaruza, au ukaona vipande vyembamba vinang'aa mithili ya maganda, beringi inabanduka. Kipande chenye kona yake kamili hilo ni jino. Alafu inamisha beseni juani utazame chini ya oili, ukiona unga wa njano basi shaba ya singronaiza (pete zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza) inaliwa, na hapo muulize aliyejaza mara ya mwisho kaweka oili gani. Wengi wanaweka ile ya difu, daraja la GL-5, wakati kitabu cha gari kinasema GL-4, na baadhi ya hizo GL-5 zina kemikali ambazo hazipatani na shaba, na nyingine zinateleza sana mpaka pete ya singronaiza inashindwa kushika gia, matokeo yake gia inakwaruza kuingia hata kama pete ni mpya. Fuata kitabu, usifuate mazoea ya gereji.

Haya sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe. Mi kwa maoni yangu, kama bodi (ganda la giaboksi) iko nzima na meno ya gia yako sawa, tengeneza. Beringi zote, sio ile moja inayolia, sili zote, gasketi, na pete za singronaiza, maana gharama kubwa ya hii kazi ni kuishusha na kuipandisha, kuweka beringi mpya moja katikati ya beringi nne za zamani ni kujitafutia kuishusha tena. Na ikiwa chini hivyo usikubali ipande na klachi ya zamani, angalia pleti, presha, rilizi, na sili ya nyuma ya injini hapo hapo.

Kinachonigeuza mawazo ni bodi. Mwambie fundi akishatoa beringi apitishe kidole ndani ya tundu linalokaa beringi, kama ganda la nje la beringi lilikuwa linazunguka na bodi utalikuta tundu limechubuka, linang'aa na limepanuka, na beringi mpya itaingia kwa mkono bila kugongwa. Hapo hata ukinunua spea nzuri kiasi gani shafti haitakaa kwenye mstari, italia tena na itakula gia. Bodi ikiwa hivyo, au ina ufa, au gia mbili tatu na leya yenyewe zimemomonyoka meno, usihangaike, tafuta nyingine. Na ubaya wa nyingine ni kwamba iliyotumika unauziwa mbuzi kwenye gunia, nayo imwage oili na uzungushe inputi kwa mkono ukiwa umeingiza kila gia kabla hujatoa hela. Pia usiangalie jina la gari tu, linganisha idadi ya meno ya inputi shafti na klachi yako, matundu ya bolti za belauzi (ganda linalofunika klachi), urefu mpaka kwenye flenji ya propela, sehemu ya kufunga waya au sensa ya spidi, na uwiano wa gia, ukikosea uwiano gari litakuwa zito mlimani au litapiga kelele kwenye lami siku zote. Kama gari lina tipa hakikisha kuna dirisha la kufungia PTO, ule mtambo unaochukua nguvu ya giaboksi kuinulia tipa.

Na fundi mwenyewe ana uzito wake kwenye hesabu. Akiwa hana presi (mashine ya kukandamiza), beringi anazipiga kwa nyundo na patasi, mi ningempa kazi ya kufunga giaboksi iliyokamilika sio ya kufungua hiyo yako. Beringi za koni zinatakiwa zibanwe kwa kipimo, kuna zile shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kupanga nafasi, ukibana sana zinaungua, ukilegeza shafti inacheza na gia inachomoka yenyewe. Muulize tu "shimu utapimaje", jibu lake litatosha.

Kitu kingine, wakati unasubiri usikubali gari livutwe umbali mrefu tairi za nyuma ziko chini bila kuchomoa propela. Injini ikiwa imezimwa leya haizunguki, oili hairushwi juu, na meni shafti inazunguka kavu.

Kwa hiyo jibu langu kwa sasa ni usinunue kitu, mwaga oili kwanza. Nipigie picha ya ile nati ya sumaku kabla hujaifuta, na uniambie gia ya 4 inasikikaje ukiwa na mzigo, hapo ntakwambia ningefanya lipi. Msalimie shemeji na watoto.