Risala ya Madereva wa Usafiri wa Mtandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, na madereva wenzetu wa bodaboda, bajaji na teksi,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu katika mkutano mkuu wa mwaka, hapa Dar es Salaam. Tumekuja na swali moja: mwajiri wetu ni nani?

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilishusha kamisheni ya teksi mtandao, yaani sehemu ya nauli inayokatwa na kampuni zenye programu za simu, hadi asilimia 15, kisha ikairuhusu kufika asilimia 25. Tulishukuru kuona Serikali ikiingia kati, lakini hatua hizo zilihusu mgawanyo wa nauli, na haki zetu za kazi zilibaki pale pale.

Mwenzetu mmoja, ambaye tumekaa naye humu ukumbini, alifungiwa akaunti yake ya programu saa kumi na moja alfajiri, pikipiki ikiwa imeshajazwa mafuta, kwa lalamiko la abiria ambalo hadi leo hajaonyeshwa. Kwa siku tisa alipokea ujumbe ule ule kwenye simu, huku tajiri wake, mwenye pikipiki, akidai hesabu ya kila siku kama kawaida. Hakupata hata ofisi ya kubisha hodi.

Mikataba ya kampuni hizi hutuita wakandarasi huru, yaani watu waliojiajiri. Hata hivyo, programu ndiyo inayopanga nauli, kutuchagulia abiria, kutupima kwa nyota na kutuadhibu tukikataa safari. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa endapo kipo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa, kikiwemo kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wengi wetu saa hizo tunazimaliza ndani ya wiki moja. Nchini Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Tunaomba Wizara yenye dhamana ya kazi itunge kanuni zinazotamka wazi kwamba kifungu hicho kinatuhusu, na kwamba dereva hafungiwi akaunti kabla ya kupewa sababu kwa maandishi na kusikilizwa. Tunaomba pia kampuni zituchangie katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu leo dereva akivunjika mguu akiwa na abiria, matibabu yake ni mchango wetu wa elfu mbili mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.