Maharage ya Kesho Yalowekwe Usiku wa Leo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kumhimiza mwananchi wa kawaida atunze mazingira ni kumtwika mzigo usio wake, kwa kuwa misitu inamalizwa na mashamba makubwa na wafanyabiashara, na mama anayepika ugali Tabata hana la kuongeza wala la kupunguza. Nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonishikisha kalamu, kwa sababu nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mambo ya moto, sufuria na kifuniko nayajua kwa mikono yangu.

Ni kweli kwamba chanzo kikubwa cha kupotea kwa misitu yetu ni kilimo. Tathmini ya serikali ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilikuwa ikipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na sehemu kubwa ya maeneo hayo iligeuzwa mashamba. Lakini mkaa nao umo katika hesabu hiyo, na tofauti yake na shamba ni kwamba njia yake inaweza kufuatwa kutoka kwenye kisiki hadi kwenye jiko: miti hukatwa Kisarawe, Kilwa, Handeni au Kilosa, na moto wake huwaka Dar es Salaam. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huliacha tanuri lifuke kwa siku kadhaa. Kwa tanuri la namna hiyo, ambalo ndilo la kawaida kwetu, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo sita hadi kumi za kuni. Kilo moja nisiyoichoma mimi Tabata, basi, si kilo moja tu huko porini.

Sasa tuingie jikoni. Tazama jinsi tunavyopika maharage: yanaoshwa na kutiwa sufuriani yakiwa makavu, jiko linajazwa mkaa hadi juu, na maji yanapochemka mpishi anazidi kupepea, akiamini kwamba moto mkali utayaivisha upesi. Mji wetu uko usawa wa bahari, na maji katika sufuria ya kawaida yakishafika nyuzi joto 100 hayapandi tena hata ukiyawekea gunia zima. Moto unaozidi hapo unageuza maji kuwa mvuke, na mpishi anarudi kuongeza maji mengine, mara nyingi ya baridi, ambayo nayo yanadai mkaa wake. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, yakapikwa sufuria ikiwa imefunikwa na moto ukiwa wa wastani, huiva mapema zaidi. Nyumbani kwangu yalikuwa yakikaa jikoni karibu saa tatu. Siku hizi hayafiki saa mbili, na kinachohitajika ni kukumbuka kabla ya kulala. Kwa makande faida ni kubwa zaidi, maana mahindi ni magumu kuliko maharage.

Mama zetu hawakufundishwa hayo darasani, lakini walikuwa na akili ya moto. Makaa waliyoyapalia juu ya kifuniko cha wali hayakuwa mapya. Yalikuwa yaleyale yaliyoivisha mchuzi. Chakula kilipoiva, mkaa uliobaki ulitolewa na kufunikwa ufe kwa kukosa hewa, ukasubiri kesho. Leo naona watu wanaumwagia maji na kuutupa pamoja na majivu, au wanauacha uteketee wenyewe jikoni huku wamekaa sebuleni wakilalamikia bei ya gunia. Sisemi haya kwa dharau. Na mimi niliyafanya, hadi siku nilipoanza kuandika kwenye daftari tarehe ya kila gunia lililoingia nyumbani, nikaona aibu.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni gesi na umeme, na si kubana matumizi ya mkaa. Hilo ni sawa kwa anayeweza. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa mwezi Januari 2024. Lakini nyumba ya kawaida haitembelewi na mkaguzi, na amri peke yake tumeshaona mwisho wake. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ikaruka, watu wakaendelea kupika kwa mkaa uleule kwa gharama kubwa zaidi, na marufuku hayakudumu. Linganisha na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019: mwenye duka alikuwa na mfuko mwingine wa kumpa mteja, na mteja alikuwa na kikapu nyumbani, kwa hiyo tabia ikabadilika. Mkaa bado haujapata kikapu chake katika nyumba nyingi.

Sababu naijua, na hapa nitawagusa wanaume wenzangu. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja au mbili mkononi anaweza kupika leo. Kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kunazidi shilingi 20,000, zinazotakiwa zote kwa mara moja, na mke anayeachiwa hela ya kula kila asubuhi hawezi kuzipata hata kama kwa mwezi mzima anatumia zaidi ya hizo kununua mkaa wa kopo. Tunamlaumu kwamba hapendi mabadiliko, wakati aliyekataa mabadiliko ni yule anayegawa fedha siku kwa siku. Zipo kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi ili mtu alipie kadiri anavyotumia, nazo zinasaidia, lakini hazijafika kila mtaa. Baba akiamua kutoa fedha ya nishati mara moja kwa mwezi, kama anavyotoa kodi ya nyumba, atakuwa amefanya zaidi ya aliyekwenda kupigwa picha akipanda mche ambao hatarudi kuumwagilia.

Kuhusu umeme, woga uliopo ni mkubwa kuliko gharama yenyewe. Jiko la kawaida la koili hula uniti kweli, sitabisha. Lakini sufuria ya presha ya umeme hubana mvuke hadi maji yakapita nyuzi 110, nayo hujizimisha na kujiwasha yenyewe, hivyo kilo nzima ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja. Binti yangu aliniletea moja, nikaidharau kwa miezi miwili ikiwa ndani ya boksi lake. Sasa mkaa wangu ni wa pilau ya Idi na wa siku umeme unapokatika. Pilau, naomba radhi kwa wataalamu, bado sijaipata ile ladha kwa njia nyingine.

Msomaji mwenzangu atauliza nyumba moja inaokoa nini. Gunia nililokuwa nalimaliza kwa wiki tatu kabla ya sufuria hiyo kuja lilianza kufika wiki ya tano, kwa kuloweka, kufunika na kuzima tu, bila kununua chochote. Mtaa wetu una nyumba nyingi zinazopika maharage angalau mara tatu kwa wiki. Hakuna waziri wala mfanyabiashara anayeweza kuja kuyaloweka kwa niaba yetu.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Ukurasa wako wa mapishi wa kila Jumapili hueleza vitunguu vikatwe vipi na nazi ikamuliwe mara ngapi, lakini sijawahi kuona ukitaja chakula kitakaa jikoni kwa muda gani, kama sufuria ifunikwe, au kwamba nafaka fulani ilowekwe tangu jana. Mistari miwili chini ya kila pishi ingetosha. Mkianza na makande, niko tayari kuwapimia muda kwa majiko yote matatu niliyonayo.

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam