Shukrani kwa mzee wa Xi'an, China

Mzee wangu wa mtaa wa Wahui, Waislamu wa China, jina lako sikulipata, lakini asante sana.

Nilikuwa nimeshuka kutoka kwenye ukuta wa mji, ule wa enzi ya wafalme wa Ming wenye urefu wa karibu kilomita 14, begi mgongoni, nautafuta Msikiti Mkuu. Vichochoro vya nyuma ya Mnara wa Ngoma vimejaa moshi wa mishikaki na wauza komamanga. Ukanitolea salamu, nikaitikia, na maneno tuliyoelewana yakaishia hapo. Ukanishika mkono, ukanipeleka.

Peke yangu ningeona majengo tu. Wewe ulinionyesha pa kutawadha, ukanisimamisha safu moja nawe kwa swala ya adhuhuri, kisha ukanitembeza ua baada ya ua, bila haraka. Nikauona mnara wa adhana wenye umbo la pagoda, yaani mnara wa Kichina wa mapaa yaliyopandana, na ndani ya ukumbi wa swala mbao za ukutani zilizochongwa aya za Kurani, Kiarabu na Kichina. Ulikuwa ukinigusa bega kila palipo na kitu cha kutazama.

Kesho yake nilikwenda kuliona Jeshi la Udongo, zile sanamu za kale za askari, lililogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Ni la ajabu kweli, ila moyo wangu ulibaki msikitini.

Chai ulikataa nisikulipie, ukaninunulia mkate wa moto. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mzee wangu, akupe afya na umri.