Ng'ombe Juu ya Daraja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniuliza kama yupo aliyesimulia safari ya roho huko ahera kabla ya Dante, yule mshairi wa Italia. Walikuwapo wengi, lakini nitakueleza habari za mmoja tu, kwa kuwa tangu nilipomsoma hajanitoka akilini.

Mnamo 1149 hivi, mtawa wa Ireland aitwaye Marcus, akiwa Regensburg, Ujerumani, aliandika kwa Kilatini, kwa ajili ya Gisela, mama mkuu wa watawa wa huko, maono ya askari wa Cashel, huko Ireland, aitwaye Tnugdal. Mtu huyu jeuri, asiyejali kanisa wala maskini, alikwenda Cork, mji mwingine wa Ireland, kudai malipo ya farasi watatu. Mdaiwa alipokosa cha kulipa alimkaribisha chakula ili kumtuliza, na Tnugdal aliponyosha mkono kula, mkono haukurudi kinywani. Alilala kama maiti kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, na hakuzikwa kwa sababu ubavu wake wa kushoto ulibaki na kijoto kidogo.

Roho yake iliongozwa na malaika hadi alipomwona Lusifa akichomwa juu ya wavu wa chuma, lakini vitisho vya namna hiyo navipita, kwani maandishi ya zama zile yamejaa tele. Kilichonishika ni daraja. Wewe umekua ukisikia habari za Sirati, lile daraja la juu ya Jahanamu, kwa hiyo hutashangaa kuwa daraja hili lina upana wa kiganja tu, limejaa misumari, na chini yake wanyama wakali wanangoja. Utakaloshangaa ni kwamba Tnugdal analazimishwa kulivuka akimswaga ng'ombe aliyewahi kumwibia mtu waliyeunganishwa naye kwa ubatizo. Analalamika kwamba alimrudisha. Malaika anakiri, ila anamkumbusha kuwa alimrudisha aliposhindwa kumficha. Basi wanakwenda, mara ng'ombe aanguke, mara yeye, hadi katikati wanakutana na mwizi mwingine anayekuja na mganda wa ngano, na hakuna awezaye kumpisha mwenzake. Wanalia, wanasihiana, nyayo zinachuruzika damu, kisha ghafla, bila kujua imekuwaje, kila mmoja anajikuta amekwisha kumpita mwenziwe. Marcus haelezi zaidi, nami namshukuru kwa kunyamaza huko.

Ujasiri wake mwingine ni kumtaja Mfalme Cormac wa Ireland, aliyeuawa 1138, wakati watu waliomfahamu bado walikuwa hai. Anamweka katika nyumba ya fahari, akihudumiwa na maskini na mahujaji aliowapa sadaka duniani. Lakini kwa kuwa aliivunja ndoa yake, na akala kiapo cha uongo, kila siku moto humfika kitovuni, na juu yake huvishwa vazi la nywele ngumu zinazokwaruza, kwa muda wa saa 3; zile 21 zilizobaki hurudi kitini pake.

Wako akupendaye