Shusha Busti Kabla Hujashuka Pwani

Kisauni, Mombasa
Tarehe 9 Desemba

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote tu wazima, ila joto limetukalia.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na ile picha ya geji ya busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo inaisukumia injini. Sindano iko kwenye bar 1.2, nawe wasema Subaru Forester yako imegeuka chui. Nakuamini. Injini ya EJ20 yenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ikipumua vizuri ina utamu wake, na siandiki ili nikuvunje moyo. Lakini umemalizia kwa kusema mtashuka huku Pwani kutoka Nairobi kwa barabara likizo hii, wewe na familia nzima, na tangu nisome hapo sijatulia. Naomba barua hii uimalize kabla hujajaza tangi.

Ile 1.2 siyo presha yote iliyomo ndani ya injini. Geji huanza kuhesabu juu ya hewa ya mahali ulipo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, takriban bar 0.82. Jumlisha na 1.2 ya tabo, unapata 2.02. Huku ufuoni hewa yenyewe ni bar 1.01, kwa hiyo sindano ikisimama palepale, ndani mna 2.21. Karibu sehemu moja ya kumi imeongezeka na wewe hujashika hata spana. Kile kidude cha kukaza kwa mkono alichokufungia fundi ili kupandisha busti hakijui kama uko Embakasi ya Nairobi au Nyali ya huku, kinashindana na springi ya kilango cha tabo basi, kilango kinachopitisha moshi pembeni ili presha isizidi. Huko juu anayeumia ni tabo, maana inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuikamua hewa nyepesi. Ukishuka Pwani, mzigo unahamia kwenye pistoni.

Pistoni hizo nazijua. Moja iko hapa mezani ninapoandika, namba 4, ya gari langu la kwanza. Ukiitazama kwa mbali utasema nzima. Isogeze kwenye mwanga: kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka kipande cha urefu wa ukucha, na ukingo wake unakwaruza kama kigae cha chungu. Juu ya kichwa chake mna vishimo vidogovidogo, kana kwamba mtu ameidonoa kwa sindano. Hiyo ndiyo kazi ya kunoki, petroli inapolipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu.

Gari lile nalo lilityuniwa Nairobi, likakimbia vizuri miezi mitatu. Siku nilipoliteremsha, tulipita Voi saa nane mchana, intakula ile ya juu ya injini, inayopoza hewa itokayo kwenye tabo, imeshachemka kwa kufuata malori polepole. Karibu na Mariakani nikaona nafasi ya kulipita trela, nikaingiza gia ya nne na kukanyaga hadi chini. Nikasikia kama bisi zinapasuka ndani ya sufuria. Sikuachia mguu. Sekunde tatu, labda nne. Nilipofika Mazeras moshi wa samawati ulikuwa unanifuata, na oili imerushwa hadi kwenye bomba la kuingiza hewa.

Nilimlaumu fundi kwa muda mrefu. Baadaye nikaelewa kilichotokea. Kwenye ile ramani ya kompyuta inayoamua petroli na muda wa cheche, kuna safu za mzigo mkubwa ambazo injini haikuzigusa hata siku moja huko juu, kwa kuwa hewa haikutosha kuzifikia. Hazikupimwa. Pwani ndipo nilipoziingia kwa mara ya kwanza, kwa joto la mchana, mguu ukiwa sakafuni. Tena gari hizi za Japani zimeandikiwa petroli ya premium ya kwao inayofika okteni 100, kipimo cha kuhimili kunoki, na super tunayojaza sisi haifiki hapo.

Basi kabla ya safari mwambie fundi akitoe kidude hicho kabisa, bomba la presha lirudi moja kwa moja kwenye kilango cha tabo, ubaki na presha ya springi peke yake. Gari litakuwa zito kidogo. Na liwe zito, umebeba watoto. Kama ameondoa pia ile kinga ya kompyuta inayokata petroli presha ikizidi, mlazimishe airudishe. Wengi huiona kero kwa sababu gari hushtuka kama limefungwa breki, lakini laiti yangu ingekuwepo siku ile.

Umeniambia pia umetoa kataliti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hapo uwe macho: moshi ukipata njia pana, kilango kidogo cha TD04, hiyo tabo yako, huweza kushindwa kuupitisha wote, na presha ikazidi kupanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu, hasa usiku kukiwa na baridi. Ukiona sindano inapanda ilhali wewe hujaongeza, achia mguu mara moja.

Ukifika salama, tutaipandisha pamoja, na tutaipandishia hapa hapa kwenye hewa nzito. Kwanza tukague mabomba ya hewa yasivuje, tubadilishe plagi tuweke za baridi zaidi, tukaze pengo lake kidogo. Kisha gari lipande kwenye rola za kupimia nguvu, feni mbele, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ninataka kuona uwiano wa hewa na petroli ukikaa 11 hadi 11.5 busti ikiwa imejaa, na kwenye laptopu nione kompyuta hairudishi cheche nyuma hata mara moja, maana hufanya hivyo ikisikia kunoki. Tukiridhika tunaongeza 0.05, tunaacha ipoe, tunaangalia tena. Siku ikiisha tumefika 0.95 tu, tutaishia hapo. Hesabu yangu ni kwamba 1.0 ya hapa inakaribia sana ile 1.2 yako ya Nairobi, kwa hiyo hutapoteza chochote.

Oili ipime kila unaposimama kujaza petroli. Ukifika Mtito Andei nipigie simu, na boneti uifungue hata kwa dakika kumi ipumue. Shemeji mwambie chumba cha wageni tayari, na mahamri ya asubuhi yamekwisha kuahidiwa.

Ni mimi sahibu yako,
wa Kisauni