Mhariri, salmoni tutampata wapi sie wa Mbagala?

Mhariri, salamu. Mie ukurasa wenu wa afya ndo naanzaga nao kila Jumapili kabla hata ya mpira, lakini wiki iliyopita mmenikwaza. Mmeandika mlo wa jioni wa mtu mwenye presha, mkaweka salmoni, mafuta ya zeituni na brokoli. Jamani, Mbagala hii? Nikamsomea mke wangu kwenye simu, yeye yuko Songea kaenda kulea mzazi, binti yetu kajifungua, basi alicheka mpaka salio likakata.

Presha ninayo, sio hadithi. Chumvi nimepunguza, maana Shirika la Afya Duniani wanataka mtu mzima asifike hata gramu 5 kwa siku, yani kijiko cha chai kimoja hivi, na hapo wamehesabu mpaka iliyomo kwenye mkate. Ila siku hizi najipikia mwenyewe na ninachokula ni vibua na maharage.

Maharage nachukua yale ya njano, sokoni wanayaita soya japo soya hasa siyo. Nachambua mawe, naloweka usiku kucha, asubuhi yale maji namwaga. Sasa sie wengi tumezoea kutupia magadi ili yaive chapchap, na mie nilikua hivohivo, huku najisifu kwa watu kwamba chumvi siku hizi siigusi, kumbe magadi nayo yana sodiamu ileile ninayoikimbia kwenye chumvi, tena yanaua na vitamini B1 ya kwenye maharage. Nesi wa kliniki ndo alinifumbua macho, aliniuliza tu nyumbani maharage mnayaivishaje, nikaona aibu. Yakilowekwa vizuri yanaiva bila magadi na mkaa hauli sana. Lakini yachemke kwelikweli, hasa yale mekundu, hayo yakiwa nusu mabichi yana sumu, utatapika mpaka uite mama.

Napika mengi Jumapili kwa sababu siku za kazi naingia ndani saa mbili usiku na njaa haisubiri maharage. Nagawa kwenye vimfuko, nahifadhi kwenye friza ya jirani anayeuza barafu, kodi yake ni bakuli moja.

Kibua namwangalia jicho kwanza, likiwa limezama nampita, halafu nafunua shavu nione wekundu. Yule mama anayetuuzia kila siku ananishangaa namkataza asinikaangie, lakini yale mafuta yake yameanza kazi tangu asubuhi yamekua meusi kama oili ya bodaboda! Kibua mwenyewe ana mafuta yake mazuri, yaleyale mnayomsifia salmoni. Nampaka ndimu, swaumu na tangawizi, nambanika kwenye makaa taratibu ngozi ikauke. Pembeni naunga maharage kwa kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya za kutosha, hoho na tui jepesi kidogo, yakianza kuwa mazito namlaza kibua juu yake nafunika dakika tano, na sikorogi, ukikoroga umeshaharibu, utatafuna miiba mpaka kesho. Mama mkwe wangu anasema samaki na maharage havikai sufuria moja, namheshimu lakini hapo hapana.

Sahani ikishapakuliwa nakamulia ndimu tena. Ile ndimu na nyanya, na samaki mwenyewe, vinausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye maharage. Chai ya rangi nilikua siwezi kula bila kikombe mkononi, sasa naisogeza mbele kama saa zima, maana inayazuia hayohayo madini. Hii ndo imenishinda zaidi kuliko hata chumvi, mwee.

Kwa hiyo mhariri, mwandishi wenu akikosa cha kuandika aje na kibua, au dagaa, tena dagaa mtu anamla na mifupa yake anapata kalsiamu humohumo, awakumbushe tu watu kuosha mchanga na kuwaepuka wale wa chumvi.

Mke wangu anarudi Ijumaa. Jana kaniuliza yale magadi aliyoacha kwenye kopo yamebaki kiasi gani. Sijamjibu mpaka sasa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam